Giaboksi, Madumu Matano na Kaka Yangu Filipo

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni, kisimani, hata mlangoni mwa kanisa ana swali lile lile: "Mama Eliya, safari ya siku moja iligeukaje siku nne?" Nimechoka kuieleza vipande vipande. Isitoshe, nikianza kuieleza kaka yangu akiwa karibu, ananikatiza kila sentensi ya pili. Leo yuko shambani, kwa hiyo nimekaa niandike yote, na mwenye la kuuliza asome kwanza.

Mabamba hadi Murungu

Gari yangu mnaijua, ile nyeupe ya mlango wa kusukuma ninayobebea maharage na vitenge. Kabla yake niliendesha pikapu ya gia za mkono kwa miaka tisa. Hii ni otomatiki: pedali mbili tu, unaweka mkono wa gia kwenye D, mengine inajifanyia yenyewe. Nilipoinunua nilidhani kilichobadilika ni kwamba mguu wangu wa kushoto sasa umestaafu. Nikaendelea kuiendesha kama ile pikapu.

Sisi wa milimani tuna tabia yetu. Tukifika juu ya mteremko tunaondoa gia, tunaweka firii, gari inashuka kwa uzito wake na petroli inapumzika. Kila dereva wa huku anafanya hivyo, na kila mmoja anajiona mjanja. Asubuhi ile ya Jumanne nami nilishuka milima yote kwa firii, nikiimba pambio.

Kaka yangu Filipo alinisubiri kwake Murungu, amevaa koti lake la harusi za watu, na mbele yake madumu matano ya lita ishirini yamejaa umutobe. Kwa ndugu wa mbali watakaosoma hii: umutobe ni maji matamu ya ndizi mbivu zilizovundikwa shimoni, zikamenywa, zikakandwa kwa majani hadi zitoe juisi. Ukiunywa siku hiyo, hata mtoto mchanga anaonjeshwa. Ukiuacha ukae, unaanza kuchemka wenyewe, na kabla hujajua una pombe.

Sasa niwaeleze kwa nini madumu yale yalikuwa roho ya safari. Zakayo, mtoto wa Filipo, anataka kumwoa Dorika, binti wa Mzee Gervasi anayekaa nje ya Kasulu, upande wa Mtabila ilipokuwa kambi ya zamani. Ni familia iliyotoka Burundi miaka mingi iliyopita, sasa ni raia, na mzee mwenyewe ni mzee wa kanisa. Mara ya kwanza tulipopeleka posa alitukataa. Hakuwa na neno na Zakayo. Neno lake lilikuwa kwa baba mtu, maana Filipo alikuwa mlevi, na ulevi wake ulijulikana kutoka huku hadi Kasulu. Nasema hivi kwa sababu yeye mwenyewe anasema.

Filipo aliacha. Mwaka wa nne huu hajagusa. Tulipoomba tena, Mzee Gervasi alijibu kwa maneno machache: tuje Jumatano, na baba wa kijana alete umutobe wa migomba yake, alioukamua kwa mikono yake mwenyewe. Kila mtu alielewa Filipo anapimwa nini. Mtu aliyekuwa hawezi kuuacha umutobe ukae bila kuutia mtama uwe pombe, sasa aubebe madumu matano, aufikishe ukiwa umutobe.

Nilimkuta amekamua tangu alfajiri na hakutaka mtu amsaidie hata kumenya. Mikono yake ilikuwa imebadilika rangi kwa utomvu. "Twende, Melania," akaniambia. "Hiki kitu hakisubiri mtu."

Murungu hadi Kibondo mjini

Dalili ya kwanza niliiona pale pale uani kwake, nikaidharau. Niliweka D, gari ikakaa kwanza kama inafikiri, halafu ikaruka mbele kwa kishindo. Filipo akashika dirisha. "Dereva amelala?" akauliza. Nikamwambia dereva hajalala, anaangalia kama abiria wake kafunga mkanda.

Dalili ya pili ilikuja kwenye kilima. Injini ilinguruma, mshale wa mizunguko ukapanda, lakini gari haikuongeza mwendo. Kelele nyingi, safari kidogo. Nikasema ni mzigo.

Tulisimama kununua mahindi ya kuchoma, na tuliporudi Filipo akaona matone chini ya gari. Matone ya kahawia yenye wekundu, yanang'aa vumbini. Uso ulimbadilika. "Umutobe unavuja!"

Na kwa kweli rangi ilikaribiana. Akapiga magoti, akachovya kidole, na kabla sijamzuia akalamba. Jamani, sijawahi kumwona mtu mzima akitema mate namna ile. Alitema hadi mama muuza mahindi akamletea maji. Lakini mnadhani alikubali kuwa si umutobe? Alisema umutobe umechanganyika na uchafu wa chini ya gari. Tukashusha madumu yote, tukayapangusa, tukakaza vifuniko kwa nguvu zetu zote, yeye akizungusha na mimi nikishikilia. Tukapandisha tukiwa tumeridhika, na matone yakaendelea kudondoka. Hakuna kati yetu aliyefungua boneti.

Tulifika Kibondo mjini mchana, gari ikitambaa. Kwenye kituo ilikataa kabisa kurudi nyuma.

Kibondo mjini, siku nzima ya klachi isiyokuwepo

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa kijana mchangamfu mwenye maneno ya redioni. Alimsalimia Filipo, akamuuliza Filipo gari ina nini, akamwomba Filipo funguo. Filipo akaninyooshea kidole. "Dereva ni huyu."

"Ah, mama unaendesha mwenyewe? Freshi sana!" Halafu akaendelea kumuuliza Filipo.

Alisikiliza injini ikinguruma bila kwenda, akatoa hukumu papo hapo: "Hii klachi imeisha, hakuna swali. Tunashusha giaboksi." Alijifunzia kwenye malori, na kwenye malori maelezo hayo huwa sahihi. Asubuhi ya Jumatano, siku yenyewe tuliyotakiwa kwa Mzee Gervasi, alikuwa bado chini ya gari anafungua bolti, mimi nimekaa juu ya tairi nakula ndizi za kukaanga kwa hasira. Mchana akatoka, akafungua mlango wa dereva kuchukua spana aliyoisahau, akatazama sakafu. Akatazama muda mrefu.

"Mama, pedali ya klachi iko wapi?"

"Haina."

"Haina?"

"Ni otomatiki, mwanangu. Nilikwambia jana."

Alikaa chini akacheka hadi akashika tumbo, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kumtukana nikajikuta nacheka naye. Hakuwa mtu mbaya. Alirudisha bolti zote, akakaza vizuri, akasema gari za namna hii hazijui, afadhali tufike Kasulu kwa mafundi wanaozijua, twende polepole.

Filipo hakucheka. Alikuwa amempigia simu Mzee Gervasi, na niliisikia sauti ya mzee ikitoka kwenye simu, kavu: "Nitakaa nyumbani mpaka Ijumaa. Jumamosi tunaingia kwenye mfungo wa kanisa, sipokei wageni." Filipo alishukuru kwa heshima, halafu akaenda kukaa nyuma ya gari karibu na madumu, kama anayekesha na mgonjwa. Nilimwonea huruma. Nilimwona ndugu yangu mkubwa, mtu wa miaka sitini, akiogopa chombo cha plastiki.

Kibondo hadi Makere

Alhamisi tuliondoka mapema. Mpaka kwenye daraja la Malagarasi gari ilivumilia, kwa sababu njia ilinipa mteremko mwingi, na mimi, kwa ujinga wangu, nikauteremka wote kwa firii ili kuipumzisha. Baada ya daraja, kwenye kupanda, ikakata tamaa. Injini ilinguruma vizuri kabisa. Nikiweka D, hakuna kitu. Nikiweka L, gia ya kupandia milima, hakuna kitu. Tulikuwa na redio na honi, gari hatuna.

Lori la maharage likasimama. Dereva wake, mtu wa Kasulu mwenye tumbo na roho nzuri, akatufunga kamba bila hata kuulizwa. "Weka firii, mama, zima injini, shika usukani tu. Nitakufikisha." Nikamwombea baraka kwa majina yote ninayoyajua. Tukavutwa hivyo hadi Makere, sokoni, karibu na kambi ya Nyarugusu, na pale mzee mmoja akaruka barabarani mbele ya lori na mwiko wa chuma mkononi.

"Simama! Simama! Munaua gari!"

Lori likafunga breki. Mzee yule alikuwa na aproni iliyojaa unga, na nyuma yake karai la mafuta lilikuwa linachemka bila mtu. Alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu, na huyu hakuuliza dereva ni nani.

"Mama, iyi ni otomatiki. Haikokotwake na magurudumu chini. Motere imezima?"

"Nimezima, ndiyo."

"Yesu!" akasema, akajishika kichwa.

Huyo ndiye Papa Justin. Anauza mikate ya kukaanga, ile minene ya duara, lakini kwao Kongo alikuwa fundi wa magari ya abiria kwa zaidi ya miaka ishirini. Alituketisha, akatupa mikate ya moto na chai ya tangawizi, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, ambacho mimi siku zote nilidhani ni cha pili cha injini.

"Nusa."

Nikanusa. Kilinuka kuungua.

"Mafuta mazuri ni nyekundu, haina harufu ya moto. Iyi imekuwa kahawia. Mimi nakaangaka mikate kila siku. Mafuta ikifika rangi iyi, naimwanga. Siipikie watu."

Halafu, huku akigeuza mikate, akanieleza kilichomo ndani ya giaboksi yangu, na nimekielewa kiasi kwamba hata leo ningeweza kufundisha. Hamna klachi ya mguu. Kuna kama feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta. Ya kwanza inazungushwa na injini, inasukuma mafuta, mafuta yanaisukuma ya pili, na ya pili inapeleka nguvu kwenye magurudumu. Mafuta hayo hayo yanabana gia zishikane na yanazilainisha zisiungue. Na kinachoyasukuma kila mahali ni pampu inayozungushwa na injini.

"Njo maana," akasema. "Motere ikizima, pompi inazima. Munakokota, ndani kunazunguka bure, kavu. Kunaunguwa. Na mafuta ikipunguka, mama, inakupa alama mbele. Unatia vitesi, gia yenu iyi, inachelewa, alafu inakupiga teke. Motere inalia, gari haiendi. Inakataa kurudi nyuma. Matone chini. Umeona alama?"

"Nimeziona zote," nikasema kwa sauti ndogo. Filipo akakohoa, akatazama pembeni. Tangu siku ile hatujalizungumzia tena lile tone alilolamba.

Nikaungama na mambo ya firii. Papa Justin akafumba macho kidogo. Alisema kwenye otomatiki hatuokoi petroli yoyote ya maana, ila tunazinyima gia mafuta ya kutosha wakati magurudumu yanakimbia. Najua mnaonisoma mna pikapu zenu na mtaendelea. Wenye otomatiki, mimi nimewaambia.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo hadi nikaona aibu. Mpira mmoja mwembamba, unaopeleka mafuta ya gia mbele yakapozwe, ulilegea kwenye klipu yake kwa mtikisiko wa barabara, ukawa unadondosha kidogo kidogo. Papa Justin aliukata mwisho uliochoka, akaurudisha, akaukaza kwa klipu mbili. Mafuta mekundu sahihi yalibidi yaagizwe Kasulu kwa bodaboda, yakafika Ijumaa asubuhi. Akamwaga yale ya kahawia, akatia mapya injini ikiwa inanguruma, kidogo kidogo, akinionyesha kuwa kipimo cha mafuta haya husomwa gari ikiwa imewashwa na imepata moto. "Sasa tia D. Pole pole. Umuombe Mungu."

Nikatia D. Gari ikanyanyuka taratibu ikaenda, bila teke, bila kulalamika. Nilizunguka soko zima nikipiga honi na wauza nyanya wakinishangilia. Nililia, sifichi. Papa Justin alikataa shukrani nyingi. Aliniambia giaboksi imeteseka, nisiibebeshe mzigo mkubwa, na nimletee habari yake nikipita tena.

Wakati tunapakia mikate ya njiani, dumu moja likatoa sauti, pwaa, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Yale madumu tuliyoyakaza Jumanne yalikuwa yamevimba mbavu. Filipo alikimbia akalegeza kifuniko, povu likamwagikia vidole. Aligeuza uso akajipangusa mikono kwenye nyasi, tena na tena.

Kasulu na kile kilichofanyika kabla ya kijiji

Tulipita Kasulu mjini saa saba mchana, gari ikibadili gia kwa upole hadi nikawa naisifu kwa sauti. Niliona ushindi. Ilikuwa Ijumaa, siku bado ipo, tunafika. Tulipoiacha barabara kubwa kushika njia ya kijijini, Filipo akasema, "Simama hapa."

Nikasimama. Akashuka, akafungua mlango wa kusukuma, akateremsha dumu la kwanza kwenye ukingo wa shamba la mihogo.

"Kaka, unafanya nini?"

"Umutobe umegeuka."

"Labda haujageuka sana."

"Melania." Hakuniangalia. "Katika watu wote wa Kigoma, wa kuniambia mimi pombe inanukaje ni nani?"

Niseme ukweli wangu, maana niliahidi kuandika yote. Nilibishana naye. Nilimwambia tumeteseka siku nne, kwamba kwenda mikono mitupu kwenye posa ni aibu isiyosemeka, kwamba mzee atadhani hatukukamua kabisa. Nilimwambia twende nao, tuseme umechangamka kidogo njiani, watu wa kanisa wasiokunywa watajuaje? Maneno hayo yalitoka mdomoni mwangu, mimi niliyemwombea aache kwa miaka yote ile.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akafungua kifuniko, akainamisha dumu. Povu jeupe likakimbia kwenye mitaro ya mihogo. La pili. La tatu. Harufu ilijaa pale hadi mimi nisiyekunywa nikaisikia kooni. Lile la nne alisimama nalo kidogo, mikono imelishika, macho yamefungwa. Akalimwaga. La tano akalimwaga haraka. Kisha akateremka kwenye kijito, akasuuza madumu yote na mikono yake hadi kwenye kiwiko, na tukaondoka.

Nilishika usukani kwa mikono miwili nikaendesha.

Kwa Mzee Gervasi

Walitusubiri. Mikeka ilikuwa imetandikwa, na Mzee Gervasi alikuwa kwenye kiti chake uani, mwembamba, fimbo magotini. Tulisalimiana kwa Kiha, mikono ikipigwa makofi taratibu kama inavyotakiwa. "Mwidiwe." "Mwidiwe neza." Macho ya watu wote yalikwenda kwenye gari, yakaona madumu, na yakaona Filipo akiyabeba matatu kwa mkono mmoja. Dumu lililojaa halibebwi hivyo.

"Kinywaji kiko wapi?" mzee akauliza.

Filipo aliyaweka chini, akabaki amesimama. "Nilikamua mwenyewe, mzee, Jumanne alfajiri. Gari ikatuharibikia, kikageuka njiani. Leo kilikuwa pombe. Nimekimwaga huko juu, kwenye mihogo. Nisingeweza kukuletea pombe nikakwambia ni umutobe."

"Ulijuaje kimegeuka?"

"Kwa pua."

"Hukuonja?"

"Sikuonja, mzee."

Mimi ni shangazi mtu, na shangazi husema anapoulizwa. Niliuma ulimi hadi ukaniuma kweli. Mzee alimtazama kaka yangu kwa muda ambao kuku mmoja alivuka uwanja wote. Alitazama koti, akatazama ile mikono yenye madoa ya utomvu wa ndizi ambayo kijito hakikuweza kuyatoa. Kisha akamwambia mkewe kitu kwa sauti ya chini.

Mama yule alitoka na chungu, akakiweka kati ya viti viwili, na ndani yake mirija miwili mirefu ya matete, kama inavyonywewa pombe. Filipo akarudi nyuma hatua moja. Mara ya mwisho aliyokaa mbele ya chungu na mirija, sote tunajua alikuwa mtu gani. Akaingiza mikono kwenye mifuko ya koti.

Mzee Gervasi aliinama, akavuta mrija wake kwanza, kama mwenyeji anavyopaswa, akanywa taratibu, akameza, akasubiri wote tumwone.

"Mtamu," akasema. "Tumeukamua asubuhi hii. Nilijua kwa siku nne wa kwako hautafika." Akagonga kiti cha pembeni yake kwa kiganja. "Kaa hapa, unywe, bamwana."

Bamwana ni neno ambalo baba wa binti humwita baba wa kijana, na halitamkwi kabla ya posa kukubaliwa. Nyuma ya mlango wa jiko nilisikia wasichana wakipiga vigelegele, na sauti ya kwanza nina hakika ilikuwa ya Dorika. Filipo alikaa. Alishika mrija kwa mikono yote miwili, akainama, akanywa machozi yakimdondokea chunguni, akanywa muda mrefu sana, hadi Mzee Gervasi akamgusa bega kumkumbusha kwamba mirija ni miwili.